Raga ya shule ichezewe nyumbani

Kwenye goli la raga, kati ya mlingoti na mlingoti ni mita 5.6. Mwamba, ile paipu inayolala kati ya milingoti, ukae mita 3 kutoka ardhini. Sheria ya raga inaruhusu milingoti iishie mita 3.4, ila hakuna mwalimu aliyewahi kuniagiza mifupi hivyo. Wote wanataka ionekane kutoka barabarani, na mimi niko upande wao. Natumia paipu za futi 20, inchi 4 kwa sehemu ya chini na inchi 3 kwa ya juu, na chini kabisa nazika soketi ndani ya zege ili siku ya kupaka rangi milingoti ing'olewe bila kubomoa kitu. Halafu sponji iliyofungwa kwa turubai, kuzunguka mlingoti mpaka kimo cha mtu. Bila hiyo siondoki uwanjani, kwa sababu mvulana anayekimbilia trai, yaani kwenda kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli, haangalii chuma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko kando ya barabara ya Kakamega kwenda Mumias, ukishapita Lurambi. Riziki yangu hasa ni mageti na madirisha, lakini kazi ninayoipenda ni hii ya milingoti. Nimezifanyia shule za Kakamega, za Vihiga, na nyingine huko Busia. Zamani shule nyingi zilisimamisha miti ya mikaratusi na kufunga mwamba kwa kamba, mvua za Aprili zikija mwamba unateleza chini. Siku hizi wanataka chuma. Walimu wengine huja na wazo la kuokoa pesa: "Fundi, si uongezee tu vyuma juu ya goli la mpira?" Huwa nakataa. Goli la mpira lina upana wa mita 7.32 na mwamba wake uko mita 2.44. Kijana akizoea kupiga penalti kwenye uwazi wa namna hiyo, siku ya mechi ya kweli mpira wake utapita nje na atadhani mguu umeharibika.

Nikimaliza kusimamisha, huwa namuuliza mwalimu wa michezo swali moja: wageni wa kwanza kucheza hapa ni nani, na wanakuja lini? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Siku hizi mara nyingi naambiwa, "Hapa ni pa mazoezi tu, fundi. Mechi ziko kule kwenye mashindano."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa asiyefuatilia, michezo ya shule zetu imepangwa hivi. Raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza, ile ya wachezaji 7 muhula wa pili. Shule zinaanza kaunti ndogo, washindi wanaenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na wakifika juu kabisa wanakutana na shule za Uganda na majirani wengine wa Afrika Mashariki. Kila ngazi inafanyika mahali pamoja kwa siku chache. Ni mpangilio mzuri wa kumpata bingwa, na siupingi. Lakini hebu fikiria shule iliyotolewa kaunti ndogo. Vijana wamerudi shuleni Januari, wamefanya mazoezi alfajiri kwenye umande, wamecheza mechi mbili tatu kwenye uwanja wa watu, na kabla Februari haijaisha msimu wao umekwisha. Hakuna mtu wa kijijini kwao aliyewaona. Milingoti niliyowachomelea inabaki kuanikiwa nguo.

Nilicheza raga miaka ya tisini, nikiwa huka, yule wa katikati kwenye mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapokumbatiana na kusukumana kugombea mpira. Shule yetu na ya wapinzani wetu zilitenganishwa na mto mmoja na kilima kimoja. Sitazitaja, kwa kuwa zote mbili naziheshimu, na kwa kuwa kila msomaji wa huku ana mbili za kwake moyoni. Mtu wa Vihiga atafikiria Chavakali na Vihiga, wa Kakamega atafikiria Musingu na Kakamega School, na wa Nakuru, Menengai na Nakuru High. Iwe zipi, habari ni hiyo hiyo: shule mbili ambazo wanafunzi wake walisoma msingi pamoja, wakabatizwa kanisa moja, kisha mtihani wa darasa la nane ukawatenga.

Mechi ilikuwa Jumamosi. Wasukuma mikokoteni waliacha kazi, akina mama waliokuwa wakiuza miwa na nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sokoni walihamia mstari wa pembeni na mabeseni yao. Nusu yao hawakujua kwa nini refa amepiga filimbi. Walichojua ni watoto. Mpira ukishikwa, ungesikia mtu anauliza, "Huyo ni wa nani?" na mwingine anajibu papo hapo: wa yule mwalimu, wa yule mwenye posho mill, mjukuu wa mzee fulani. Mtu akiangushwa, alikuwa ameangushwa mtoto wa mtu. Na wewe uliyemwangusha ulijua kwamba Jumapili mtakaa naye benchi moja kanisani. Ulimkaba kwa nguvu zako zote, lakini hukumgusa shingo.

Kulikuwa na isukuti pia. Wanafunzi wa pande zote mbili walikuja na ngoma, kila upande na nyimbo zake, na wakati wa mapumziko ilikuwa ni mashindano mengine. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho, UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilipozisikia habari hizo nilizikumbuka zile Jumamosi, kwa maana huko ndiko vijana wengi wa rika langu walikojifunzia kuipiga vizuri. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tulijifunza kwa sababu wale wa ng'ambo ya mto walikuwa wanaipiga kutushinda.

Baada ya mechi wenyeji waliandaa chai na mkate kwenye bwalo. Kanuni ya mwalimu wetu ilikuwa kwamba hakuna wachezaji wawili wa timu moja kukaa bega kwa bega. Nahodha aliyeshindwa ndiye aliyeanza kuzungumza, na alipaswa kumtaja kwa jina mchezaji mmoja wa upande wa pili aliyemsumbua. Siku moja nahodha wao alinitaja mimi. Aliyekaa kando yangu alikuwa propu wao, yule anayesukuma kando ya huka, kijana niliyekuwa nimesukumana naye alasiri nzima mpaka sikio limechubuka. Akanimegea mkate wake. Likizo ikaja, akanialika kwao tukapalilie mahindi, na huko nikamwona dada yake. Leo propu huyo ni shemeji yangu na dada yake ni mama wa watoto wangu. Mpaka sasa hatukubaliani nani alikuwa anabomoa ile skramu.

Nasema haya kwa sababu watu wanazungumza juu ya ushindani wa shule utadhani ni chuki inayopaswa kudhibitiwa. Niliouishi mimi ulitokana na kufahamiana. Timu usiyoijua unaweza kuishinda na kuisahau kabla basi halijafika nyumbani. Timu ya jirani ikikushinda, aliyekushinda utamkuta kwenye posho mill, kwenye matanga, kwenye harusi, mwaka mzima. Ndiyo maana unaamka alfajiri kufanya mazoezi.

Sasa nifike kwenye jambo gumu. Kuna shule zinazotuma watu wenye daftari kwenye michezo ya kaunti ndogo. Wanamtazama namba nane mrefu wa shule ndogo, yule anayesukuma nyuma ya skramu, au wingi, yule wa pembeni mwenye mbio, na wiki inayofuata mzazi anatembelewa. Ahadi ni karo kulipwa, sare mpya, daluga mpya. Chama cha michezo ya shule kina masharti kuhusu mwanafunzi aliyehama, lakini masharti yanasimamia nani anaruhusiwa kuingia uwanjani. Hayamuulizi mtu kile kijiji kilichoachwa kimebaki na nini. Shule ndogo inanyang'anywa kijana mmoja, mwaka unaofuata wawili, na baada ya muda mfupi mechi na jirani haichezwi tena kwa sababu matokeo yanajulikana kabla ya kuanza.

Mtoto wa shemeji alichukuliwa hivyo. Kijana mpole, mwenye mapaja ya baba yake. Alienda shule ya mbali akiwa kidato cha pili na nyumba nzima ilifurahi, mimi pia nilifurahi, tukachanga nauli. Alicheza msimu mmoja vizuri sana. Msimu wa pili goti lilipinduka kwenye rakki, pale wachezaji wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, kano zikakatika. Muhula uliofuata ile karo iliyokuwa ikilipwa ilikoma, bila barua, bila simu. Shemeji alienda kumchukua na matatu, sanduku la chuma juu ya keria. Kijana alirudi kumalizia shule ileile aliyoianzia, akakaa benchi akitazama wenzake, na hao wenzake walimpokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa anasomea uhasibu chuoni. Anatembea sawa. Lakini raga haitaki hata kwenye televisheni, na mimi na baba yake, ambao tulikuwa hatukosi mechi, hatukai tena mbele ya televisheni pamoja siku za Jumamosi. Hilo mimi nalihesabu kuwa hasara ya familia yangu.

Sitamwambia mzazi asiye na karo kwamba akatae karo. Nimekuwa mzazi wa namna hiyo. Ninachodai ni kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi moja: shule ikimchukua kijana kwa sababu ya raga, imsomeshe mpaka mtihani wa mwisho, goti zima au goti bovu. Mwalimu mkuu atie sahihi, mzazi atie sahihi. Shule isiyoweza kuahidi hivyo imwache mtoto karibu na mama yake. Na jambo hili lina haraka, kwa kuwa kundi la kwanza la gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu mwaka huu wa 2026, na moja ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni njia nzuri, nimefurahi sana kwamba mwanangu mdogo atakuwa na nafasi hiyo. Lakini shule zitakazotaka kujijengea jina kwenye njia hiyo zitakuwa na sababu mpya ya kutembea na daftari.

Watu huniambia, fundi, bila kuwakusanya wenye vipaji mahali pamoja tutapataje wachezaji wakubwa? Nawajibu kwa kuwaonyesha tulikotoka. Benjamin Ayimba alipitia Maseno, shule iliyokuwepo tangu 1906. Collins Injera alipitia Vihiga. Aprili 2016 Ayimba akiwa kocha na Injera akiwa uwanjani, Kenya iliwafunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya mashindano ya raga ya wachezaji 7 ya Singapore, na huku magharibi watu walitoka nje ya nyumba wakipiga sufuria. Mwaka huohuo Kabras, timu ya wenye sukari wa hapa kwetu Kakamega, ilichukua Kenya Cup, ligi kuu ya klabu za raga, kwa mara ya kwanza, kikombe kilichozoea kukaa Nairobi, ingawa Nakuru walikuwa wamekileta upande wetu 2013 na 2014. Shule zikitunza vijana wao, kijana mzuri ataonekana hata akiwa kijijini, na siku hizi klabu ya kumpokea akimaliza ipo hapa nyumbani.

Nimekuwa nikisoma kuhusu mashindano ya zamani ya nchi nyingine, kutafuta ni nini huyaweka hai. Kule Dublin, Kombe la shule za Leinster lilianza 1887, na Blackrock College ndio waliolinyakua mara nyingi kuliko wote. Blackrock ni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililoanzisha St. Mary's ya Nairobi mwaka 1939, na St. Mary's ni miongoni mwa shule ambazo zimekuwa zikipigania Kombe la Prescott la raga ya shule pamoja na Lenana, Nairobi School na wale wa Rift Valley Academy kule Kijabe. Kwa hiyo mbegu ya mambo haya imesafiri mbali. Hata hivyo iliyonishika zaidi haikuwa Dublin. Ilikuwa Sri Lanka.

Huko kuna shule mbili, Royal College iliyoko Colombo, karibu na bahari, na Trinity College iliyoko Kandy, milimani. Zimekuwa zikikutana kwenye raga tangu 1920. Mwaka 1945 mwalimu mkuu wa Royal aliyekuwa anaondoka, Bradby, alitoa ngao, na tangu wakati huo inashindaniwa kwa mechi mbili. Moja inachezwa Colombo, nyingine Kandy. Pointi za mechi zote mbili zinajumlishwa, na mwenye nyingi anaibeba ngao. Basi. Hakuna makundi, hakuna kanda. Shule mbili tu, miaka zaidi ya themanini, na miji miwili inasimama.

Niliposoma hayo niliweka simu chini nikatoka nje ya karakana. Maana tazama uzuri wa hesabu hiyo. Ukishindwa kwa pointi 12 mechi ya kwanza, hujafa. Una wiki kadhaa za kufikiria, na unajua mechi ya pili ni kwako, kwenye nyasi zako, mbele ya mama yako. Na yule aliyekushinda kwa 12 hawezi kulala, kwa sababu atakuja kwenu, na nyumbani kwenu kuna isukuti. Kila trai ina uzito, hata ile ya dakika ya mwisho ya mechi iliyokwisha kupotea, kwa kuwa inahesabiwa kwenye safari ya pili. Huka wa timu inayopigwa ana sababu ya kuendelea kusukuma.

Hiki ndicho ninachokitaka kwa shule zetu mbili za mto ule, na kwa jozi yoyote ya shule za huku zitakazopenda. Mashindano ya kaunti na taifa yaendelee kama yalivyo. Nakuru waendelee na Damu Pevu, mashindano yao ya raga ya shule. Lakini muhula wa kwanza, pembeni ya ratiba hiyo, kila shule icheze na jirani yake mechi mbili, moja huku, moja kule, pointi zijumlishwe. Gharama yake ni safari moja fupi ya basi kwa kila upande, refa, na chai. Wazazi wataingia bila kiingilio. Wachezaji wawe wale walioingia shule hiyo kidato cha kwanza au gredi ya 10, hakuna aliyehamishwa, na sharti hilo liandikwe siku ya kwanza kabla ya mtu kuanza kutafuta mwanya.

Nimewapelekea wazo hili walimu wa michezo wa pande zote mbili. Mmoja ni mwalimu kijana, alilipokea kwa mikono miwili na akaniuliza kuhusu bima ya wachezaji, swali zuri ambalo sina budi kulitafutia jibu pamoja naye. Mwingine alisema kalenda imejaa na mwalimu mkuu anaangalia wastani wa mtihani. Namwelewa. Lakini mechi mbili za Jumamosi alasiri hazijawahi kushusha wastani wa shule. Tulizicheza, na darasa langu lilitoa madaktari na wahandisi, na fundi mmoja anayejua mita 5.6 ni ngapi bila kupima.

Shemeji nilimweleza mwisho, nikiwa na wasiwasi kwamba atakataa kusikia habari za raga. Alinyamaza kwa muda, akauliza mechi ya kwanza itakuwa upande gani. Nikamwambia kura itapigwa. Akasema upande wao uwanja unahitaji kusawazishwa kona ya chini, na kwamba ana kipande cha mvule kilichokaa ghalani tangu baba yake alipokuwa hai, kinaweza kuwa kitako cha ngao.

Ngao yenyewe nimeianza. Nimekata bamba la chuma la milimita 3, nimelipiga ukingo kwa nyundo, na katikati nitaweka shaba niliyoitoa kwenye tangi la zamani la maji moto. Nimeligawa kwa mistari, kila mwaka mstari wake, na kila mstari una nafasi mbili za majina, kwa sababu nataka nahodha aliyeshinda na aliyeshindwa waandikwe pamoja, ukubwa mmoja wa herufi. Kuna nafasi ya miaka 50. Sitatoza shule yoyote hata shilingi. Walimu wakishanipa tarehe mbili, moja ya Februari na moja ya Machi, shemeji ataleta mvule na mimi nitapasha mashine moto.